Bango Liwe la Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kuhamisha Kaunta za Supamaketi Uliyoinunua

Simu huwa inapigwa siku ya pili. Siku ya kwanza watu wanapiga picha chini ya bango jipya, soda zinagawiwa, spika mbili zinanguruma mlangoni. Siku ya pili, saa mbili asubuhi, naulizwa: "Fundi, uko wapi? Risiti zinatoka na jina la mwenye duka wa zamani, na kaunta namba tatu imegoma kabisa."

Nimezipokea simu hizo kutoka Mwanza mjini, Igoma, Geita na Musoma, na kosa ni lile lile. Mnunuzi ameanza na rangi ya ukuta, kaunta akaiacha kwa sababu "inafanya kazi". Kaunta ndiyo sehemu ya duka inayomkumbuka mwenye duka wa zamani kuliko zote. Ina TIN yake (namba ya mlipakodi), namba yake ya kupokea pesa, bei zake, makosa yake ya miaka minane, na paswedi za vijana wake walioondoka.

Mwongozo huu ni wa duka lenye kaunta mbili hadi kumi. Kwa kaunta nne, jipe wiki tatu kutoka kukabidhiwa funguo hadi kupandisha bango. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa maana kila moja inategemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mkataba wa ununuzi na orodha ya mali yenye sahihi za pande zote mbili.
- TIN yako, namba ya VAT kama umesajiliwa, cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na leseni ya biashara.
- Paswedi za msimamizi mkuu: programu ya mauzo, seva, ruta, kamera. "Kijana wa zamani anaijua" si paswedi.
- Diski mbili za nje kwa ajili ya nakala.
- UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) moja kwa kila kaunta na moja ya seva.
- Betri ndogo za CR2032, moja kwa kila kompyuta. Utaona sababu.
- Karatasi za risiti, kebo za mtandao, kebo ya akiba ya droo ya pesa.
- Jiwe la mzani la kilo 1 lililohakikiwa.
- Kompyuta moja ya ziada ya kujaribia, hata iwe mpakato.
- Keshia mmoja wa zamani unayemwamini. Mlipe vizuri wiki hizi tatu. Anajua vichaka vyote vya mfumo ule, pamoja na kitufe ambacho hakuna aliyewahi kukiandika popote.

## Hatua ya 1: Jua umenunua nini hasa

Umenunua kampuni, au umenunua duka? Kwa mtu anayepita barabarani ni kitu kimoja. Kwa kaunta ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ukinunua hisa za kampuni, kampuni inabaki ile ile na TIN inabaki ile ile. Mashine za EFD, yaani zile za risiti za kodi, zinaendelea, isipokuwa jina la biashara likibadilika lazima taarifa zirekebishwe BRELA na TRA (mamlaka ya mapato), kisha kichwa cha risiti kirekebishwe. Ila umerithi na madeni ya kodi, kwa hiyo hali ya kodi ya kampuni iangaliwe kabla ya kusaini.

Ukinunua rafu, friji, mzigo na pango tu, wewe ni mfanyabiashara mpya. TIN ni yako, EFD ni zako, na za muuzaji hazikuhusu hata kama zimekaa juu ya meza uliyoilipia.

Ununuzi mkubwa, unaozidi thamani iliyowekwa kisheria, lazima Tume ya Ushindani iarifiwe kabla haujakamilika. Muulize mwanasheria mapema.

Umefanikiwa ukiweza kuandika kwenye karatasi sentensi moja: "Kuanzia tarehe fulani, risiti zitatoka kwa TIN fulani." Ukishindwa, usiguse kifaa chochote.

## Hatua ya 2: Hesabu vifaa, kimoja kimoja

Pita kila kaunta na daftari. Andika kompyuta, toleo la Windows, printa na aina ya plagi yake, skana, droo, kioo cha mteja, mzani, EFD, mashine ya kadi. Piga picha nyuma ya kila kaunta kabla ya kuchomoa waya. Picha hiyo itakuokoa saa saba usiku.

Weka saa ya kila kompyuta sawa, izime, chomoa umeme kwa nusu saa, kisha iwashe. Tarehe ikirudi miaka ya nyuma, ile betri ya CR2032 kwenye bodi imekufa. Ni betri ya bei ndogo, lakini madhara yake ni makubwa: umeme ukikatika usiku, asubuhi mauzo yanaandikwa kwa tarehe ya miaka kumi iliyopita, ripoti ya siku inatoka sifuri, na keshia anashukiwa wizi. Nimeona msichana wa watu akikaribia kufukuzwa kazi kwa sababu ya betri ya saizi ya kifungo cha koti.

## Hatua ya 3: Chukua nakala, halafu funga milango ya nyuma

Nakili hifadhidata yote ya mauzo kwenye diski mbili. Moja ikae dukani, nyingine nyumbani kwako. Kisha irejeshe kwenye ile kompyuta ya ziada na ufungue programu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Angalia pia ukubwa wake. Programu nyingi za mauzo hutumia SQL Server Express (programu ya bure ya kuhifadhi data), na kwa matoleo mengi ya miaka ya karibuni kikomo ni GB 10 kwa hifadhidata moja. Ya zamani zaidi, GB 4. Ikijaa, mfumo unakataa kuandika mauzo mapya, na haukatai Jumatatu asubuhi kukiwa kimya. Unakataa wakati foleni imefika kwenye friji za maziwa.

Kama umenunua kampuni, nakala hii ni sehemu ya kumbukumbu za kodi, na sheria inataka zitunzwe kwa miaka mitano. Ukinunua duka tu, mwachie muuzaji nakala yake, naye atazihitaji.

Sasa milango ya nyuma. Tafuta programu za kuingia kwa mbali kama AnyDesk na TeamViewer, uzifute. Badilisha paswedi ya ruta. Futa akaunti za wafanyakazi walioondoka, hasa zile zenye ruhusa ya kufuta mauzo na kutoa punguzo. Usitumie akaunti moja kwa makeshia wote. Pesa ikipungua utakuwa unamuuliza ukuta.

Tahadhari: namba za simu za wateja wenye kadi za pointi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usizimwage kwenye simu ya kijana wa matangazo ukadhani umenunua na wateja.

## Hatua ya 4: Amua kipi kibaki na kipi kiondoke

Hapa wanunuzi hugawanyika. Mmoja anatupa kila kitu, mwingine anang'ang'ania kila kitu. Msimamo wangu: bakiza chuma, badilisha ubongo.

Droo za pesa. Bakiza. Droo nzuri inaishi kuliko mmiliki. Ila jua kwamba droo hufunguliwa na printa, kwa mshtuko mdogo wa umeme unaopita kwenye plagi inayofanana na ya simu ya mezani. Kuna za volti 12 na za volti 24. Soma kibandiko kabla ya kuoanisha droo ya zamani na printa mpya, la sivyo utaunguza mojawapo.

Skana. Bakiza zinazosoma kwa mara ya kwanza. Nyingi hufanya kazi kama kibodi: zinaandika namba na kubonyeza "Enter". Kuzijaribu ni rahisi, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia na uskani sabuni.

Printa. Angalia plagi. Za zamani nyingi zina plagi pana ya seria au parareli, na kompyuta mpya hazina matundu hayo. Kuna kebo za kugeuza kwenda USB. Zingine zinafanya kazi, zingine hukata risiti katikati. Jaribu risiti mia moja mfululizo kabla ya kuamini.

Kompyuta. Ondoa. Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Kaunta isiyogusa intaneti inaweza kusukuma siku, lakini kaunta zako zitagusa intaneti, maana malipo na risiti za kodi vinapita huko. Kama bajeti imebana, anza na seva, kisha kaunta yenye foleni kubwa.

UPS. Betri zake zikiwa na zaidi ya miaka mitatu, zihesabu kuwa zimekufa hadi zithibitishe vinginevyo. Ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi kupita maeneo mengi duniani, na radi haiingii kwa waya wa umeme peke yake. Inaingia pia kwa waya wa mtandao unaopita juu ya paa kwenda stoo. Waya huo upitishe ndani ya jengo. Na kama duka lako liko karibu na maji, fungua kompyuta na upulize feni: wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa huishia humo, wakakauka, wakaziba hewa. Kompyuta inayojizima mchana wa jua kali mara nyingi haihitaji fundi wa programu, inahitaji brashi.

## Hatua ya 5: Safisha orodha ya bidhaa

Hii ndiyo hatua inayoua miradi mingi. Ipe wiki nzima.

Usiamini Excel na bakodi. Ukitoa orodha kutoka mfumo wa zamani ukaifungua kwa Excel bila kujiandaa, bakodi ya tarakimu 13 inageuka kuwa kitu kama 6.20E+12. Ukihifadhi faili hiyo kama CSV, tarakimu zimepotea na hazirudi. Bakodi zinazoanza na sifuri nazo hukatwa sifuri ya mbele. Dawa yake ni kuingiza faili kupitia menyu ya kuleta data na kuiambia safu ya bakodi ni maandishi, si namba. Halafu chagua bidhaa ishirini rafuni na ulinganishe tarakimu kwa macho.

Na wakati tuko hapo: bakodi inayoanza na 620 imesajiliwa Tanzania na ya 616 imesajiliwa Kenya. Inaonyesha mahali ilikosajiliwa, basi. Haithibitishi bidhaa ilipotengenezwa. Usipange rafu ya "bidhaa za nyumbani" kwa kusoma bakodi.

Bei iwe na VAT mara moja tu. Mifumo mingi ya zamani huhifadhi bei ikiwa tayari na VAT ndani. Baadhi ya mifumo mipya hutegemea bei bila VAT na huiongeza yenyewe. Bidhaa ya shilingi 11,800 ndani yake kuna VAT ya 1,800 kwa kiwango cha asilimia 18. Mfumo mpya ukiongeza tena, mteja anaambiwa 13,924. Hatagomba, atakwenda duka la jirani na kuwaambia wenzake kwamba mwenye duka mpya ni mwizi.

Angalia pia kundi la kodi la kila bidhaa. Mboga mbichi zisizosindikwa hazitozwi VAT, sabuni inatozwa. Kama mzee wa zamani aliweka kila kitu kundi moja ili alale mapema, usirithi usingizi wake.

Namba za ndani zisigongane. Sukari uliyopima mwenyewe kwenye mifuko, mkate wa jikoni kwako, dagaa wa kukaanga waliofungashwa stoo: hivi hubandikwa bakodi ya ndani, na kwa utaratibu wa kimataifa namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya dukani. Kila duka linajigawia lenyewe. Kwa hiyo kama una duka lingine Nyegezi na sasa umenunua hili la Buzuruga, upo uwezekano mkubwa kwamba namba moja ni mchele upande huu na ni dawa ya mbu upande ule. Gawa mapema: duka moja lichukue zinazoanza na 21, lingine 22, na lebo za zamani zibanduliwe zote.

Katoni si kipande. Katoni ya maji ina bakodi yake, chupa ina yake. Ukiziunganisha vibaya, mteja wa jumla kutoka Ukerewe atalipia katoni kwa bei ya chupa, na atarudi kesho na wenzake.

Usihamishe stoku hasi. Kwenye mfumo wa zamani utakuta "mafuta ya kupikia lita 3: −412". Hayo ni makosa yaliyorundikana. Anza na hesabu ya mikono, wewe na muuzaji mkiwepo, mkisaini kila ukurasa.

Umefanikiwa ukiwa na orodha isiyo na bakodi inayojirudia, isiyo na bei sifuri, na keshia wako wa zamani ameipitia akasema, "Hii bei siyo, hii ndiyo." Atakuta makosa ambayo kompyuta haiwezi kuyaona.

## Hatua ya 6: Fanya mzani na kaunta waelewane

Samaki, nyama, matunda. Hapa kosa moja linaweza kula faida ya mwezi.

Lebo ya mzani ina bakodi ya tarakimu 13, na ndani yake uzito au bei imefichwa. Tuchukue 2100345012503. Mbili za kwanza, 21, zinasema ni lebo ya ndani. Tano zinazofuata, 00345, ni namba ya bidhaa; tuseme minofu ya sangara. Tano nyingine, 01250, ni gramu 1,250. Ya mwisho, 3, ni tarakimu ya uhakiki.

Uhakiki wake unaweza kuufanya kwa kalamu. Zidisha tarakimu kumi na mbili za mwanzo kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu, jumlisha: hapa unapata 37. Inayokosekana kufikia kumi inayofuata, yaani 40, ni 3. Kaunta ikikataa lebo zote za mzani, anza hapo.

Sasa hatari yenyewe. Minofu ikiwa shilingi 16,000 kwa kilo, pakiti hiyo ni shilingi 20,000. Mfumo mpya ukiwa umepangwa kusoma tarakimu zile tano kama bei, utasema shilingi 1,250. Ukiwa umetengenezwa kwa nchi yenye senti, utasema 12.50. Keshia mgeni anapokea tu. Foleni ni ndefu, na mashine imesema.

Mimi hupanga lebo zibebe uzito, si bei. Tarakimu tano za bei zinaishia 99,999, na kwa shilingi yetu mteja wa sherehe anayebeba mbuzi mzima anavuka hapo. Tena ukipandisha bei mchana, lebo za asubuhi bado ni sahihi.

Kuhusu chenji, sarafu ndogo inayotembea ni ya shilingi 50. Gramu 1,237 za minofu hiyo ni shilingi 19,792. Panga programu ikadirishe hadi 50 iliyo karibu, iwe 19,800, na hakikisha EFD inatoa kiasi hicho hicho. Kaunta ikisema 19,800 na risiti ya kodi 19,792, jioni hesabu haifungi.

Mwisho, mzani wenyewe. Uwe na stika hai ya Wakala wa Vipimo, ambao huhakiki kila mwaka. Ukifunguliwa na fundi, uhakikiwe upya. Kila asubuhi weka lile jiwe la kilo 1. Ukisoma 0.985 au 1.020, usianze kuuza.

## Hatua ya 7: EFD, namba za malipo, mashine za kadi

EFD. Kama ulinunua duka na si kampuni, siku ya makabidhiano muuzaji atoe ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya mwisho kwenye kila mashine mbele yako, mpige picha, kisha aondoke na mashine zake. Zako zisajiliwe kwa TIN yako kupitia wakala aliyeidhinishwa na TRA. Usikubali "tutumie ya zamani wiki moja tu". Mauzo yako yataingia kwenye kodi ya mtu mwingine, na wewe utakuwa umeuza bila risiti yako.

Jaribio lake ni hili: uza soda moja, skani msimbo wa QR kwenye risiti kwa simu, usome ukurasa wa TRA unaofunguka. Jina liwe lako, TIN iwe yako, kiasi kiwe sawa. Ripoti ya Z itolewe kila siku bila kusubiri kukumbushwa.

Lipa namba. Kuna duka moja nililoitwa upande wa Kirumba. Bango jipya, sare mpya, kila kitu kinang'aa. Jumamosi nzima wateja wamelipa kwa simu, na meseji za kupokea haziji. Stika za plastiki zilizogundishwa kaunta zilikuwa za mwenye duka wa zamani, na pesa zilikuwa zinaingia kwake. Yeye na mnunuzi walikuwa hawasalimiani tangu siku ya kuhesabu stoo. Ilichukua wazee wawili na mchungaji mmoja kuzirudisha.

Bandua stika zote siku moja kabla. Zote maana yake ni pamoja na ile ya nyuma ya kaunta ya sigara, ya mlangoni, na karatasi iliyolaminishwa ambayo kijana wa nyama ameificha karibu na msumeno. Usitegemee kusoma maandishi: Tigo Pesa ilibadilika jina kuwa Mixx by Yas mwishoni mwa 2024, na stika za zamani bado ziko kibao zikifanya kazi sawasawa. Stika inaweza kuwa ya jina lililokufa huku namba yake ikiwa hai. Tuma shilingi 500 kwenye kila stika mpya na usubiri jina litokee.

Mashine za kadi hivyo hivyo. Zinaingiza pesa kwenye akaunti ya aliyeziomba benki. Zirudishwe, uombe zako, na anza maombi mapema maana hili ndilo linalochelewa kuliko yote.

## Hatua ya 8: Kapu la majaribio

Chukua toroli, jaza bidhaa thelathini: ya VAT na isiyo ya VAT, ya kupimwa, katoni na kipande chake, yenye ofa, yenye bakodi ya kuanza na sifuri, iliyofungashwa na wewe. Zipitishe kaunta ya zamani bila kufunga mauzo, andika jumla. Zipitishe kaunta mpya. Tofauti ya shilingi moja ni kosa, itafute.

Kisha fanya mambo ambayo wateja hufanya: rudisha bidhaa, badili mawazo katikati, lipa nusu taslimu na nusu kwa simu. Chomoa umeme katikati ya mauzo. Chomoa waya wa mtandao. Kaunta inapaswa kuendelea kuuza, na mauzo yafike kwenye seva mtandao ukirudi.

Mpe keshia wa zamani na keshia mpya, kila mmoja peke yake. Ukimfanyia wewe mwenyewe huku unamwelekeza, hujajaribu kitu.

## Hatua ya 9: Usiku wa kuhama

Usihame mwisho wa mwezi, wala wiki ya Idi au Krismasi, wala Ijumaa. Jumatatu usiku kuamkia Jumanne ndiyo ninayoipenda. Kama wateja wako wengi ni wa soko la samaki la Mwaloni na visiwani, angalia na mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, pesa hupungua mjini. Siku hizo foleni ni fupi, na makosa yako yataonwa na watu wachache.

Mpangilio wa usiku wenyewe:

1. Saa tatu usiku, funga mlango. Kila keshia afunge zamu na kuhesabu droo.
2. Toa ripoti ya siku, chukua nakala ya mwisho.
3. Badilisha kaunta moja tu. Pitisha kapu. Ikikubali, endelea na nyingine.
4. Chapisha lebo zote za rafu upya na uzibandike usiku huo huo. Bei ya rafu ikitofautiana na ya kaunta, ugomvi wa asubuhi ni wako.
5. Saa kumi alfajiri ni mwisho wa kuhangaika. Kapu likiwa bado halijapita, rudi programu ya zamani ukiwa na EFD yako mpya, na ujaribu tena wiki ijayo.

Namba tano huwaumiza watu kiburi. Lakini nimeona duka lililolazimisha: saa nne asubuhi makeshia walikuwa wanaandika mauzo kwenye daftari la shule.

Jenereta iwe na mafuta. TANESCO haina taarifa kwamba usiku huo unahama.

## Hatua ya 10: Kimbiza jina la zamani, kisha bango

Jina la zamani hujificha. Litafute kwenye kichwa cha risiti na mguu wake, lebo za mzani, kioo cha mteja kinachotembeza "Karibu tena", picha ya nyuma ya skrini, jina la mtumaji wa SMS, mifuko, sare, fomu za oda za wasambazaji, na ramani ya Google.

Nembo ya risiti itengenezwe upya, usibandike ile ya bango. Printa ya karatasi ya milimita 80 kwa kawaida huchapa upana wa nukta 576, ya milimita 58 nukta 384, nyeusi na nyeupe tu. Nembo ya rangi tano yenye kivuli inatoka kama doa la mafuta.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo agiza ile mbadala inayokubalika, na usiagize elfu kumi kabla BRELA haijakubali jina.

Pointi na vocha za zamani: amua mapema kama utazikubali, andika mlangoni kwa herufi kubwa, na waambie makeshia. Mimi ningezikubali kwa miezi mitatu. Mama aliyekusanya pointi mwaka mzima hajali nani amemuuzia nani.

Wiki ya kwanza, kila jioni linganisha namba nne: ripoti ya programu, ripoti ya Z, pesa ya droo, na meseji za malipo ya simu. Weka daftari kwenye kila kaunta ambamo keshia anaandika kila kitu kilichomshangaza, hata kidogo. Daftari likipita siku tatu bila kitu kipya, mpigie fundi wa bango. Kibali cha bango kinatoka halmashauri ya mahali duka lilipo: Igoma na Nyegezi ni Jiji la Mwanza, Kirumba na Buzuruga ni Manispaa ya Ilemela. Usipeleke fomu ofisi isiyo yake, maana utarudishwa, na ngazi umeshaikodi.